Kujitolea nje ya nchi: namna mwaka mmoja unaweza kufungua mlango wa kazi

Ofa ya kazi inapotoka kwenye shirika fulani la Goma, Bukavu, Butembo ama Bunia, inazunguka haraka katika makundi ya WhatsApp. Vijana wanaifungua, wanashuka moja kwa moja hadi kwenye masharti, na hapo wengi wanafunga simu. Diploma wanayo. Kifaransa wanakijua. Lakini ofa inadai uzoefu wa miaka 2, pengine 3, katika kazi yenye kufanana na hiyo.

Ni tatizo lenye kujulikana katika kila familia yenye mtoto aliyemaliza chuo kikuu. Ili upate kazi unaombwa uzoefu, na ili upate uzoefu ni lazima kwanza mtu akupe kazi. Tangu mwaka 2025 hali imezidi kuwa ngumu. Miji ya Goma na Bukavu iliingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza na wa pili wa mwaka huo, benki za Goma zikafunga milango, ndege zikaacha kutua. Katika mwaka huohuo Marekani ilivunja USAID, shirika lake lililokuwa likilipia sehemu kubwa ya kazi za kiutu katika Kongo. Mashirika mengi yalipunguza wafanyakazi. Leo kijana asiye na uzoefu anashindana kwenye ofa moja na baba wa familia mwenye miaka 10 ya kazi.

Katika hali hiyo kuna njia moja inayozungumziwa kidogo, na mara nyingi inaeleweka vibaya: kujitolea nje ya nchi. Wengine wanaona kwamba ni kufanya kazi bure. Wengine wanaona ni tiketi ya kwenda kubaki Ulaya. Lakini kwa yule mwenye kuichukua vizuri, ni nafasi ya kwanza ya kazi yenye cheo, yenye msimamizi na yenye tarehe, ambayo mwajiri wa kesho anaweza kupiga simu na kuihakikisha.

Volonteri mwenye mkataba

Mfano wenye kujulikana zaidi katika mashariki ya Kongo ni wa volonteri wa Umoja wa Mataifa, wale wanaoitwa VNU. Programu hiyo iliundwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 7 Desemba 1970. Inasimamiwa na PNUD, na tangu mwaka 1996 makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani. Wakongomani waliwaona VNU kwa wingi wakati wa uchaguzi wa mwaka 2006, na kisha katika ofisi za MONUSCO: watu wa Afrika ya Magharibi, Asia na Amerika ya Kusini waliokuja kufanya kazi ya waganga, mainjinia, wataalamu wa uchaguzi ama wa haki za binadamu.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba mlango huo uko wazi pia upande wa pili. Mkongomani naye anaweza kuwa VNU katika nchi nyingine. Nafasi za kimataifa hazitolewi ndani ya nchi ya mwombaji mwenyewe. Mkongomani atatumwa Chad, Haiti, Madagascar ama kwingineko. Vijana wa miaka 18 hadi 26 wana nafasi zao. Kuanzia miaka 27, mwenye uzoefu wa miaka 3 katika kazi yake anaweza kuomba nafasi ya mtaalamu. Kuna pia nafasi zilizotengwa kwa wakimbizi, jambo lenye maana kwa Wakongomani walioko Burundi, Uganda na Tanzania.

VNU hapati mshahara, lakini hafanyi kazi kwa kula mate. Anapewa posho ya kuishi kila mwezi, bima ya afya, tiketi ya safari na siku za mapumziko. Anasaini mkataba wenye kueleza kazi yake na muda wake. Mkataba huo ndio unaoleta tofauti kubwa kati yake na kijana ambaye kwa miaka mingi amekuwa "akisaidia" katika ofisi ya mjomba bila karatasi yoyote.

Zipo njia nyingine pia. Umoja wa Afrika una kikosi chake cha vijana volonteri tangu mwaka 2010. Wenye kuchaguliwa wanafanya miezi 12 katika nchi nyingine ya Afrika. Shirika la Kimataifa la Francophonie, ambalo Kongo ni mwanachama wake, linatuma vijana wa nchi zenye kusema Kifaransa kwenda kutumikia katika nchi nyingine. Ujerumani ilianzisha programu ya weltwärts mwaka 2008 kwa ajili ya vijana wake, na tangu mwaka 2013 inapokea pia vijana kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Nyumba, chakula na bima vinalipwa, na kijana anapata pesa kidogo ya mfukoni. Ufaransa nayo inapokea vijana wa kigeni katika utumishi wake wa kiraia, kwa kubadilishana na vijana wake wanaokwenda nje.

Kazi ya Ebola ilivyopita mipaka

Namna uzoefu wa kujitolea unaweza kusafiri na mtu, watu wa Beni, Butembo na Mangina waliiona kwa macho yao.

Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa ikiua maelfu ya watu katika Guinea, Liberia na Sierra Leone, Umoja wa Afrika uliomba watu wa afya wenye kukubali kwenda kusaidia. Zaidi ya 800 walitumwa, kutoka nchi mbalimbali, Kongo ikiwa miongoni mwao. Wakongomani walikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: nchi yao ndiyo ugonjwa huo ulikogunduliwa mwaka 1976, huko Yambuku, na waganga wake walikuwa wamekwisha kupambana nao mara nyingi.

Kisha Umoja wa Afrika haukuacha watu wale watawanyike hivihivi. Kituo chake cha kuzuia magonjwa, Africa CDC, kilichozinduliwa mwaka 2017, kiliunda kikosi cha kudumu cha volonteri wa afya. Ebola ilipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, Africa CDC ilituma timu zake. Wakati huohuo walikuja wataalamu wa Guinea kusaidia kutoa chanjo. Walikuwa wamejifunza kazi hiyo kwao, wakati chanjo hiyo ilipokuwa ikijaribiwa mwaka 2015. Ugonjwa huo ulimalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kupata watu 3 470 na kuua 2 287.

Historia hiyo inaonyesha jambo moja. Aliyekwenda Conakry ama Monrovia kwa miezi 6 alirudi na ujuzi uliokuwa na bei mara ugonjwa uliporudi mahali pengine. Hakuhitaji kusema kwamba yeye ni mtu wa bidii. Aliweza kusema alifanya kazi gani, katika kituo gani, chini ya nani, kuanzia siku gani hadi siku gani.

Yale mwajiri anayoyatafuta

Mwenye kuchagua wafanyakazi mara nyingi anasoma dosie nyingi kwa siku moja. Neno "volonteri" peke yake halimfanyi asimame. Anatafuta majibu ya maswali machache: mtu huyu aliwahi kufanya kazi na watu wasio wa kwao? Anaweza kuandika ripoti? Amesimamia pesa ama vifaa? Nani anaweza kumshuhudia?

Kwa hiyo namna ya kuandika sivi ina uzito. Kijana anayeandika "Nilikuwa volonteri Tanzania kwa mwaka mmoja" hajamwambia mwajiri kitu. Mwingine mwenye kufanya kazi ileile anaweza kuandika, kwa mfano: "Volonteri, msaidizi wa mawasiliano na wakimbizi, Kasulu, miezi 12. Kutafsiri mikutano ya kila juma kati ya Kifaransa, Kiswahili na Kingereza. Kuandika ripoti ya kila mwezi. Kusimamia kundi la vijana 12." Mstari wa kwanza unaonyesha kwamba alisafiri. Mistari ya pili inaonyesha kwamba alifanya kazi.

Faida ya pili ni watu. Kazi nyingi hazipatikani kwa sababu ya undugu peke yake, ijapokuwa wengi wanasema hivyo, zinapatikana pia kwa sababu kuna mtu mwenye kujulikana anayeweza kusema, "Huyu nilifanya naye kazi, alifika kwa saa, hakuiba, alimaliza alichoanza." Volonteri aliyefanya kazi nje ya nchi anarudi na majina mawili ama matatu ya watu kama hao, wenye barua pepe ya shirika.

Ya tatu ni lugha. Katika mashariki ya Kongo, kijana anayejua Kifaransa na Kiswahili anadhani hana kitu cha pekee, kwa kuwa jirani zake wote wanazijua. Lakini akivuka mpaka, mambo yanabadilika. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imepokea Wakongomani tangu mwaka 1996. Uganda ina maelfu yao katika Nakivale, Kyangwali na Kyaka II. Huko, baadhi ya wafanyakazi wa mashirika wanajua Kingereza lakini hawaelewi mama wa Fizi ama wa Rutshuru anapoeleza shida yake. Mwenye kuelewa pande zote mbili anahitajika. Naye, baada ya mwaka mmoja, anarudi na Kingereza cha kazi ambacho hakukipata darasani. Pia, tangu Februari 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo.

Marekani ilivyowafaidia volonteri wake

Wazee wa Bukavu wanaweza kukumbuka vijana wa Kimarekani wa Peace Corps. Shirika hilo la serikali ya Marekani, lililoundwa mwaka 1961, lilituma volonteri katika Zaire kuanzia mwaka 1970 hadi 1991, mwaka wa uporaji wa wanajeshi. Baadhi yao walipata mafunzo yao ya kwanza Bukavu, kisha wakatumwa kufundisha shule ama kuchimba mabwawa ya samaki vijijini.

Mmoja wao, Mike Tidwell, alifundisha ufugaji wa samaki katika Kasai. Aliporudi aliandika kitabu juu ya kazi hiyo, kikatoka mwaka 1990, na kisha akawa mwandishi na kiongozi wa shirika la kupigania hali ya hewa. Reed Hastings, mmoja wa walioanzisha Netflix, alifundisha hesabu Swaziland, nchi ambayo leo inaitwa Eswatini, kama volonteri wa shirika hilohilo, kabla ya kurudi kusoma kompyuta.

Lakini si kila mtu wa Peace Corps anakuwa tajiri. Chenye kuwasaidia wengi ni mpango uliowekwa na serikali yao: aliyemaliza muda wake anapata njia ya pekee ya kuingia katika kazi za serikali, na vyuo vikuu vingi vinampunguzia gharama za masomo. Yaani, miaka 2 aliyotumia kijijini inahesabiwa. Katika Kongo hakuna faida ya namna hiyo. Kijana anayerudi anategemea karatasi alizobeba na jinsi anavyojua kuzieleza.

Mitego ya njiani

Kwa sababu vijana wana kiu ya kuondoka, matapeli nao hawalali. Ujumbe unafika kwenye simu: umechaguliwa kuwa volonteri Kanada ama Ubelgiji, lipa dolari 150 za dosie kwa M-Pesa ama Airtel Money kabla ya Ijumaa. Kuna familia zinazouza mbuzi ama kiwanja kwa ajili ya ujumbe kama huo.

Kanuni ni nyepesi. VNU haiombi pesa kwa mtu, si ya kuandika jina, si ya mahojiano, si ya mafunzo. Maombi yote yanapita kwenye tovuti yake rasmi. Mtu anayeomba pesa kwa jina la VNU ni mwizi, hata kama barua yake ina muhuri na bendera ya buluu. Kwa programu nyingine, kijana aulize kabla ya kutuma kitu chochote: nani analipa tiketi, nani analipa bima, nitalala wapi, nani atakuwa msimamizi wangu, na naweza kuzungumza na mtu aliyewahi kwenda? Mwenye kukataa kujibu maswali hayo hastahili kuaminiwa. Na ikiwa "kujitolea" huko kunaanza kwa kukabidhi pasipoti kwa mtu usiyemjua, hapo hatari ni kubwa kuliko ya kupoteza pesa.

Mtego mwingine uko nyumbani. Familia inaposikia kwamba mtoto yuko ng'ambo na Umoja wa Mataifa, inangoja pesa. Posho ya volonteri imehesabiwa kwa ajili ya kula, kulala na kusafiri katika nchi aliyoko. Kijana asiyeeleza jambo hilo mapema kwa wazazi na ndugu anajikuta akikopa ili atume, ama akisemwa vibaya katika mtaa. Mazungumzo hayo yafanywe kabla ya safari, hesabu ikiwekwa mezani.

Mwishoni, volonteri anapaswa kujua kwamba hakuna ahadi ya kuajiriwa. VNU yenyewe inasema wazi kwamba mkataba wake hauleti haki ya kupata kazi katika Umoja wa Mataifa. Wengine wanapata, wengine wanarudi nyumbani na kuanza kutafuta. Tofauti ni kwamba wanaanza kutafuta wakiwa na kitu mkononi.

Mlango unaanzia kwenye mtaa

Wenye kuchagua volonteri wa kimataifa wanapenda kuona kwamba mtu alikwisha kujitolea kwao. Hapo Kivu na Ituri hazikosi nafasi. Wakati wa Ebola, volonteri wa Msalaba Mwekundu wa Kongo ndio waliozika wafu kwa usalama, mara nyingine wakirushiwa mawe. Wahamasishaji wa afya wanapita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo ya polio. Katika maeneo ya wakimbizi wa ndani, vijana wanaandikisha familia, wanafundisha watoto, wanagawa maji. Kazi hizo zote ni uzoefu, ikiwa tu mtu anaomba barua yenye saini, cheo na tarehe. Wengi hawaombi, na miaka inapita bila ushuhuda.

Kwa yule asiye na pasipoti, ama anayeogopa barabara za leo, kuna njia ya kujitolea nje ya nchi akiwa amekaa kwake. Tangu mwaka 2000 Umoja wa Mataifa unapokea volonteri wa mtandaoni. Wanatafsiri, wanachora mabango, wanapanga takwimu, wanaandika kwa ajili ya mashirika ya nchi nyingine. Shirika la watafsiri wasio na mipaka, Translators without Borders, lilifanya kazi na Kiswahili cha Kongo wakati wa Ebola, baada ya kuona kwamba watu wengi hawakuelewa vizuri matangazo yaliyoandikwa kwa Kifaransa ama kwa Kiswahili cha mbali. Mwenye kusema Kiswahili cha Goma kila siku alikuwa na ujuzi uliokosekana. Gharama ni umeme, simu nzuri ama kompyuta, na pesa ya kununua mega.

Kabla ya kurudi

Miezi ya mwisho ya kujitolea ndiyo wengi wanaipoteza. Wanafikiria zawadi na sherehe ya kuagana, na wanasahau karatasi. Kabla ya kuondoka, volonteri aombe barua ya ushuhuda wa kazi yenye kutaja majukumu yake, aulize msimamizi kama anakubali jina lake litajwe, na ahifadhi nakala ya ripoti ambazo ana ruhusa ya kuzionyesha. Msimamizi wa leo kesho anabadilisha nchi, na barua pepe yake inafungwa.

Kisha siku moja, katika kundi la WhatsApp, ofa nyingine itatoka. Itadai tena uzoefu wa miaka 2. Volonteri aliyetumikia mwaka mmoja ng'ambo na mwaka mmoja katika mtaa wake, na mwenye barua mbili za kuthibitisha, atafika kwenye mstari huo na kuendelea kusoma.